Mwaka Nilioziua Mbegu za Baba

Enzi zetu mvua haikutangazwa na mtu. Sisi tuliokulia Ihanda, kule Mbozi, tuliisoma kwenye miti. Ukiona miti ya porini inachipua majani mekundu wakati ardhi bado imekauka kiasi cha kupasua visigino, ukiona matunda ya masuku yameanza kulainika, ukamsikia mama anaagiza kuni ziingizwe ndani na angani hakuna wingu hata la dawa, basi ujue siku zimekaribia. Watoto wa siku hizi wakiona wingu wanalipiga picha. Sisi tulikimbilia ndoo.

Na ndoo hazikuwa za maji peke yake. Mvua ya kwanza ilitoa kumbikumbi. Jamani, kama hujawahi kukaa karibu na kichuguu saa kumi jioni, mvua imekatika dakika chache zilizopita, udongo unanukia, halafu ukaona ardhi yenyewe inatoa mabawa, sijui nikueleze vipi. Mdogo wangu Amosi alikuwa anawala wakiwa wazima, bawa linamning'inia mdomoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, nikijiona mtu mzima, nikawa nasubiri wakaangwe.

Lakini nataka kusimulia mwaka mmoja tu, ule ambao furaha hiyo ilinitokea puani.

Mahindi ya mbegu nyumbani kwetu hayakuwekwa ghalani pamoja na ya kula. Baba alikuwa akiyachagua mwenyewe wakati wa mavuno, hindi moja moja, akiligeuza mkononi na kulinusa. Akishachagua, aliyavua maganda nusu, akayafunga mawili mawili na kuyaning'iniza kwenye fito juu ya mafiga, safu ya chini na safu ya juu. Moshi wa jikoni uliyapaka weusi na wadudu hawakuyagusa. Moto wa pale ulikuwa mdogo siku zote, wa kuni mbili au tatu, na kila mtoto aliijua sababu. Baba alisema moshi ni rafiki wa mbegu, moto ni adui yake.

Mwaka ule mahindi ya kula yaliisha mapema. Kuanzia Agosti tulikuwa tunakula maboga, majani ya maboga yaliyokaushwa, na jioni nyingine maboga tena. Mahindi ya mbegu yalikuwa pale pale juu ya vichwa vyetu, yanatutazama. Siku moja Amosi alilia akayanyooshea kidole, mama akamtazama baba. Baba akasema, "Hayo si chakula. Hayo ni mwaka kesho." Tukalala. Kwa hiyo mnielewe ninapozungumza habari za zile mbegu. Tulizilalia njaa.

Basi, mvua ya kwanza ikashuka, siku ya soko. Baba alikuwa amekwenda Vwawa. Sisi tulirudi kutoka kichuguuni tumelowa chapachapa, ndoo imejaa kumbikumbi, meno yanagongana. Mbozi kuna baridi, na mvua ya kwanza huteremka na upepo wake. Mama alikuwa bado yuko kisimani. Nikasema nitawasha moto wa maana, tujikaushe, tukaange, na mama akirudi akute jikoni kuna joto. Nyuma ya nyumba kulikuwa na lundo la matawi ya mibuni yaliyopogolewa baada ya kuchuma kahawa, makavu kabisa. Mti wa mbuni ukishika moto hauna mzaha. Nikajaza mafiga, nikapuliza, nikaongeza mengine.

Mama akaja, naye amelowa. Akaweka ndoo chini, akavua kanga ya kichwani akaikamua, akakaa karibu nasi akinyoosha mikono. Tukakaanga kumbikumbi kwa chumvi, mafuta yao wenyewe yanawatosha. Mama alicheka siku ile. Sikumbuki kama alikuwa amecheka tangu Agosti. Aliimba hata wimbo wa kwaya, kwa ile sauti yake ya pili, na Amosi akawa anapiga ndoo. Mimi nikaona kwamba nimeleta bahati nyumbani kwa mikono yangu.

Halafu nikasikia harufu ya mahindi ya kuchoma.

Nilitazama juu. Maganda ya safu ya chini yalikuwa yamejikunja nchani. Hayakuwa yameungua. Nilipanda juu ya kinu nikagusa hindi moja, likaniunguza vidole. Nikashuka, nikavuta kuni nje moja baada ya nyingine, nikajifanya nahofia moshi. Mama aliacha kuimba tu, nami nikadhani amechoka.

Baba alirudi akiwa na furaha yake ya kimya. Kesho yake alfajiri alikwenda shambani, akachimba kwa mkono, akarudi akisema bado, mvua moja ni ya kudanganya, tusubiri ya pili. Majirani wenye haraka walikuwa tayari wameshatoka na majembe. Baba alikuwa na neno lake kwa watu wa aina hiyo, kwamba bahati hutengenezwa, haiokotwi.

Siku zile nilikuwa siwezi kula. Nikiingia jikoni nilikuwa naangalia chini. Kwa macho, yale mahindi yalikuwa mazuri, meusi kwa moshi kama kawaida, punje zimejaa. Hakuna mtu angejua. Hilo ndilo lililonitesa, kwamba hakuna mtu angejua mpaka shamba zima likae wiki mbili bila kuota kitu, na wakati huo mvua zimeshakwenda, na mbegu hakuna. Kila nyumba ilikuwa imebakiza za kwake tu mwaka ule. Za dukani tulizisikia kwa watu.

Kazi moja niliyokuwa naijua vizuri ni ya kimea. Mama alitengeneza togwa, na mimi ndiye niliyekuwa nalowanisha ulezi, naufunga kwenye gunia bichi lenye majani ya mgomba, nanyunyizia maji asubuhi na jioni mpaka utoe mikia. Siku ya tatu ya ule mwezi wa mateso yangu (ulikuwa kama mwezi, ingawa zilikuwa siku chache) likanijia wazo. Kama ulezi unaota kwenye gunia, hata mahindi yataota. Nikasubiri nyumba iwe tupu, nikapanda kwenye kinu, nikapukuchua punje kumi kutoka safu ya chini, nikazilowanisha, nikazifunga kwenye kipande cha gunia na kuzificha mgombani chini ya majani makavu. Nikawa naomba. Niliahidi mambo mengi, mengine sijayatimiza hadi leo.

Mvua ya pili ilinyesha siku ya saba, usiku kucha. Asubuhi baba akasema, "Leo." Akapukuchua mahindi yaliyokuwa karibu na mkono wake, akiacha punje za nchani na za kwenye kitako kama ilivyo desturi, akachukua zile za katikati peke yake. Yaliyokuwa karibu na mkono ni ya safu ya chini. Mimi nikajifanya nakwenda kujisaidia, nikakimbia mgombani, nikafungua gunia.

Punje mbili zilikuwa na mikia. Nane zilikuwa zimevimba, laini, na nilipoibonyeza mojawapo ikatoa maji yenye harufu mbaya.

Nilirudi. Naomba msiniulize kwa nini sikusema pale pale. Aliyewahi kuwa na baba wa enzi zile ananielewa. Sisi baba tulikuwa tunamletea maji ya kunawa na kuondoka. Mtoto hakumwanza baba kwa maneno. Nikachukua kikapu changu cha mbegu, nikafuata shambani.

Upandaji wetu ulikuwa hivi: baba mbele na jembe anafungua shimo, mtoto nyuma yake anadondosha punje mbili na kufukia kwa mguu. Mbili, kwa sababu baba alisema moja ni ya kuota na nyingine ni ya kumpumbaza panya. Mama na Amosi walikuwa kwenye mistari ya kando yetu. Udongo ulikuwa mweusi, una joto kidogo, ule udongo ambao hata jiwe ungelipanda ungetamani liote. Baba alikuwa anapiga jembe kwa mwendo mmoja, hageuki nyuma. Mtu akikupa mgongo namna ile, amekuamini.

Mstari wa kwanza ukaisha. Nilidondosha na kufukia, nikadondosha na kufukia, nikijua kila ninachofukia kimekufa. Wa pili ukaisha. Nikawa nafukia vibaya, punje nyingine zinabaki nje, na baba bila kugeuka akasema, "Fukia vizuri, mama." Alikuwa akiniita mama akiwa na furaha, kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Katikati ya mstari wa tatu nilisimama. Baba alifungua mashimo matano, sita, ndipo akaona haisikiki hatua nyuma yake. Akageuka.

"Nini?"

"Baba, hizi mbegu hazitaota."

Akaegemea mpini. "Nani kakuambia?"

"Nimezijaribu. Kwenye gunia, kama kimea. Kumi, zimeota mbili." Halafu maneno yakatoka yenyewe, yakakimbizana: mvua, kumbikumbi, matawi ya mibuni, harufu. Nikasema ni mimi. Nikasema ni mimi tena.

Baba akaweka jembe chini. Nilijikaza nikisubiri. Ndipo mama, kutoka mstari wa kando, akasema kwa sauti ambayo sijaisahau, "Baba Tabitha, hata mimi nilikuwepo. Nilikaa nikaota moto ule. Harufu niliisikia." Akakaza kanga kiunoni. "Nimeogopa kukwambia."

Siku saba tulikuwa tumelala nyumba moja, kila mtu na hofu yake, hakuna aliyejua ya mwenzake.

Baba akaanza kutembea kuelekea nyumbani. Tukamfuata kwa mbali, Amosi akiwa ameshika sketi yangu. Alikwenda moja kwa moja mgombani, akanigeukia, nikamwonesha. Akachuchumaa, akafungua kile kipande cha gunia, akazipanga punje kumi kwenye kiganja chake. Akaibonyeza moja kama nilivyofanya mimi. Akainusa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, naona kisogo chake tu, na kisogo hakisemi mtu anawaza nini.

Akasema, "Nioneshe ulivyofanya."

Nikadhani nimesikia vibaya. Baba yangu alikuwa hamwulizi mtoto hata saa. Akarudia, polepole, "Nioneshe. Maji kiasi gani, unafunga vipi."

Tukatoa mahindi yote yaliyobaki, ya chini na ya juu. Tukayapanga sebuleni, sakafuni, mstari mmoja ukazunguka chumba kizima. Kutoka kila hindi baba alitoa punje nne, mimi nikazipanga kwenye gunia bichi kwa mpangilio ule ule, ili punje zikiota au zikifa tujue hindi lake ni lipi. Kuku wakafungiwa. Amosi akapigwa marufuku kuingia sebuleni kwa sababu yoyote. Sisi wengine tukawa tunapita tumejibana ukutani kama wezi katika nyumba yetu wenyewe, maana ukipiga hindi teke, hesabu yote imeharibika.

Zilikuwa siku tano. Mvua ilinyesha karibu kila siku, mvua nzuri, na kila ilipoanza kugonga bati nilitamani ikome, dhambi ambayo mkulima haitamki. Mashamba ya jirani yakaanza kuonesha mistari ya kijani. Jirani yetu, baba Lazaro, alipita na jembe begani akasimama uani.

"Baba Tabitha, vipi? Shamba lako limeokoka, halitaki tena kazi?"

"Nasubiri," baba akasema.

"Utamsubiri nani? Mvua haina mjomba."

Baba akacheka kidogo kumridhisha, na baba Lazaro alipoondoka akaingia ndani akakaa kitandani. Nilimwona kwa upenyo wa pazia, ameshika kichwa. Kama angenichapa siku ile ya shambani, ningekuwa nimeshalia nikapona. Hakunichapa. Kwa siku tano aliniambia maneno mawili tu, "Ongeza maji," asubuhi na jioni.

Katikati ya siku hizo mibuni ikafungua maua. Mnaoijua Mbozi mnajua ninachosema. Unaamka, mlima mzima umekuwa mweupe, harufu inaingia mpaka chumbani, nyuki wanavuma mpaka unadhani ni mashine ya kusaga. Kila mwaka tulikuwa tunakimbia katikati ya mibuni tukiiga harusi. Mwaka ule nilisimama mlangoni nikaona uzuri ule wote, nikakasirika. Nilikasirikia maua. Yalikuwa yamechanua bila kujali kwamba sisi huenda tusile.

Siku ya tano baba aliniita mimi, akamwita mama, na hata Amosi akaruhusiwa, akiwa amebebwa mgongoni asikanyage kitu. Baba akapiga magoti, akafungua gunia kuanzia upande wa safu ya chini. Imekufa. Imekufa. Moja imeota, tatu zimekufa. Imekufa. Alikuwa anatamka kwa sauti, na mimi natembea kando ya ukuta naliondoa kila hindi lililohukumiwa. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Tukafika upande wa safu ya juu. Baba akafunua. Nikainama kutazama. Mikia, mweupe baada ya mweupe, minne minne, mingine mirefu kama kucha.

Mama ndiye aliyeanza kulia. Mimi nilifuata. Baba alibaki amepiga magoti, akasema, "Nusu. Tuna nusu," mara mbili tatu, kama mtu anayejifunza neno geni.

Tulipanda nusu ya shamba siku ile ile mpaka jua likazama, na mimi nilidondosha punje moja moja kila shimo, panya ajijue. Ile mistari ya kwanza tuliirudia. Nusu nyingine ya shamba tulitia ulezi, maana ulezi tulikuwa nao. Mwaka uliofuata tulikula ugali mweusi mpaka Amosi akaapa kwamba akikua ataoa mwanamke asiyejua ulezi ni nini. Hata hivyo tulikula, na hakuna aliyelala njaa.

Na yale mahindi yaliyokufa? Mbegu ikifa inabaki chakula. Mama aliyasaga, akasonga ugali wa kwanza wa mahindi tangu Agosti, mweupe, mkubwa, wenye harufu ya moshi. Ukakaa mezani, hakuna aliyenyoosha mkono. Baba akamega tonge, akalitazama, akasema, "Shibeni. Tumewangoja wageni hawa muda mrefu." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kuweka tonge chini, na sisi tukacheka kwa woga kwanza, halafu kweli. Jioni ile nilitoka nikaingia katikati ya mibuni. Maua yalikuwa yanaanza kudondoka, lakini harufu bado ilikuwepo, na nilikaa chini nikaivuta mpaka nilipoitwa.

Toka mwaka ule baba hakupanda bila kuniita kwanza. Nilipoolewa Tunduma, alikuwa akituma mtu mwezi wa kumi: mwambie Tabitha aje atazame mbegu. Nilikuwa naacha biashara yangu ya vitenge hapo mpakani, naacha malori yamepanga foleni mpaka nje ya mji, nakwenda kuchuchumaa na mzee mgombani. Baba ametangulia sasa. Mama yupo, na mwaka huu mvua zilipoanza nilikwenda kumsaidia kupanda, nikamburuta na mwanangu Kelvin.

Kelvin wangu anaitafuta bahati kwenye simu. Kila Jumamosi ana mkeka wake wa kubeti, timu kumi na mbili za nchi asizozijua, na kila Jumamosi inakosa timu moja. Mbegu zetu siku hizi ni za pakiti, zimepakwa dawa ya rangi ya waridi, ukimaliza unanawa kwa sabuni. Alikuwa anadondosha huku sikio moja limezibwa na muziki, akinilalamikia kucha zake zinaingia rangi. Nikamsimulia habari hii yote katikati ya mstari. Alisikiliza, namsifu kwa hilo. Kisha akauliza, "Sasa mama, si mngenunua nyingine tu?"

Bibi yake alicheka mpaka akaegemea jembe. Nami nikacheka, nikawa nimeandaa hotuba ile yetu ya enzi zetu, mnaijua, kila mmoja wetu anayo. Nikafungua mdomo, nikamtazama mwanangu amesimama na pakiti mkononi anasubiri kuambiwa adondoshe wapi. Hotuba nikaiacha.

Simtakii hofu ile niliyokuwa nayo kwenye mstari wa tatu. Lakini baba yangu alipiga magoti chini, akiwa na hofu kuliko mimi, akamwambia mtoto wa miaka kumi na moja amwoneshe. Kelvin ana miaka ishirini, na sikumbuki hata siku moja niliyomwuliza jambo nikiwa nahitaji kweli jibu lake.